Nyumba Iliyokodiwa Kabla ya Misa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumapili iliyopita nilishiriki Meza ya Bwana nikiwa benchi moja na mdogo wangu. Tangu tumzike baba hatusemezani, kisa kipande cha shamba. Tulipoambiwa tutakiane amani nilimpa mkono, ncha za vidole tu. Kikombe kikaja, nikanywa, nikampitishia bila kumtazama usoni.

Wiki nzima kikombe kile kimenikaa kooni, na nimekuwa nikimfikiria Louis, Duke wa Orléans, mwana wa mfalme Charles V wa Ufaransa. Kaka yake, Charles VI, alikuwa akishikwa na ugonjwa wa akili, basi Louis na binamu yake Jean wa Burgundy wakawa wanagombania madaraka. Mzee wa ukoo, Duke wa Berry, akawapatanisha. Tarehe 20 Novemba 1407 wakashiriki misa pamoja. Usiku wa tarehe 23 Louis akauawa kwenye barabara ya Paris na watu wa Jean. Nyumba ya kuwafichia wauaji ilikuwa imeshakodiwa kabla ya misa ile.

Hapo ndipo Roho alinishika. Ndugu, sisi ni nyumba gani tumekodi mioyoni? Unaimba, unatoa fungu la kumi, na huku umehifadhi neno la kumvunja ndugu yako siku mkikutana kwenye kikao cha ukoo! Unamwita "mpendwa" kanisani, ukifika nyumbani unamsema mbele ya watoto. Bwana alisema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende ukapatane kwanza. Kwanza, wapendwa! Tusiizoee Meza ya Bwana. Vunja mkataba wa nyumba hiyo leo, watoe waliojificha humo.

Mjane wa Louis, Valentina, alifariki mwaka uliofuata. Mwanawe Charles alitekwa vitani Agincourt mwaka 1415, akakaa kifungoni Uingereza miaka 25. Aliyesaidia kumkomboa ni Philippe, mwana wa yule Jean aliyemuua baba yake. Na Charles akakubali, akamwoa Marie wa Cleves, mpwa wa Philippe. Nikifika hapo machozi hunitoka, kwa kuwa mimi nimeshindwa kusamehe mpaka wa shamba.

Jioni hii nimempigia mdogo wangu. Simu imeita mpaka ikakatika. Kesho alfajiri, kabla ya ibada, nitapita kwake. Niombeeni.