Tulivyopwelewa Bagamoyo

Neno kupwelewa sikuwahi kulisikia mpaka Desemba iliyopita, na Kiswahili nimekisema maisha yangu yote. Nililisikia kwa mzee mmoja nahodha, ngalawa yake imekaa juu ya mchanga, ufuo tunauona kwa mbali, na wanangu watatu wananitazama usoni wajue kama walie au wasilie.

Likizo ndiyo iliyotutoa Dar. Wiki ya pili ilikuwa inakwisha watoto wako ndani, runinga inawaka toka asubuhi, na mdogo wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tabora. Yeye bahari aliijua kwa kuivuka na pantoni ya Kigamboni tu. Baba watoto hakupata ruhusa kazini. Nikasema basi, sisi watano twende Bagamoyo, kilomita kama 70, tulale usiku mmoja turudi. Kukereka kulianzia kwenye basi: tulilipia viti vinne, kitinda mimba nikampakata njia nzima, na bado konda akamdai nusu nauli. Chumba tulichopata kilikuwa shilingi 45,000 bila chai. Saa tano usiku umeme ukakatika, feni ikasimama, mbu wakaingia. Tukatoka kukaa barazani. Mwezi ulikuwa umejaa, unaona mpaka kokoto za uani, na watoto wakafurahia kuliko mchana.

Mchana wake tulikuwa tumekwenda Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Jua lilikuwa kali, hatukukaa sana. Palipotusimamisha ni kwenye misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Mnara wa kanisa la zamani bado upo, na humo ndimo ulimolazwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari msafiri, mwezi Februari 1874, kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Watumishi wake Chuma na Susi, na wenzao, walikuwa wameubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, safari ya miezi. Mdogo wangu akanigusa bega. "Dada, si walipita kwetu hawa?"

Walipita. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ndipo Livingstone alipokaa mwaka 1872, na tulipelekwa na shule kuliona tembe lake tukiwa darasa la tano. Njia ile ile ya misafara, sisi tuliijua kwa upande wa bara peke yake. Bibi yetu mzaa baba alipotaja habari za wazee waliokwenda pwani alishusha sauti, kama anayetaja msiba. Walijitwika pembe za ndovu, wakatembea miezi mitatu, na wako ambao ukoo haukuwaona tena. Bagamoyo wenyewe wana maelezo mawili ya jina lao: kuna wanaosema ni mpagazi anayebwaga mzigo moyo ukatulia, na kuna wanaosema ni mtumwa anayeuacha moyo wake nchi kavu. Nilipokuwa nimesimama chini ya ule mnara niliyaamini yote mawili. Nilitaka kuwaeleza watoto. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Wadogo walitaka soda.

Kesho yake alfajiri tukashuka pwani karibu na soko la samaki. Kijana mmoja akatudaka, dalali tu, hata ngalawa hakuwa nayo. Akatuonyesha kwa kidole fungu la mchanga kule baharini: nusu saa kwenda, watoto wataogelea, nusu saa kurudi, saa tatu mnakunywa chai. Alianza na 100,000, tukavutana mpaka 60,000, akazipokea zote mkononi. Nahodha alikuwa rika la baba yangu, kofia ya kufuma kichwani, maneno machache. Aliyatazama maji, akamwambia yule kijana, "Leo mwezi kumi na tano." Kijana akamjibu, "Mzee, wahi tu." Nikadhani wanataja tarehe. Nikapakia watoto.

Kwenda kulikuwa kuzuri, na kule kwenye fungu maji yalikuwa maangavu kama ya mtungini. Saa moja ikapita kama dakika kumi.

Tulipogeuka kurudi nikaona rangi inabadilika. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa kahawia, kisha nikaona majani ya chini ya bahari yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Mzee akashusha tanga, akashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Kitinda mimba akasema, "Mama, tunakwaruza." Tukakwaruza mara ya pili, ya tatu, ngalawa ikatua. Mzee na msaidizi wake wakashuka, maji hayafiki magotini, wakasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Haikwenda. Akapanda, akakaa, akafuta uso kwa kofia.

"Mama, tumepwelewa."

"Tumefanyaje, mzee wangu?"

"Maji yamekupwa, yametuacha. Leo bamvua. Yanakwenda mbali, na yakirudi yanajaa sana. Nilimwambia yule."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikauliza kwa nini tusitembee, ufuo si ule pale? Akanionyesha mstari wa maji meusi kati yetu na nchi kavu. Huo ni mkondo, akasema, mtu mzima unamfika kifuani, na kwenye tope lake wamelala samaki aina ya taa, wenye miiba mkiani. Watoto hawapiti. Nikampigia simu yule kijana. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Tulikuwa na chupa moja ya maji, maandazi sita na kofia moja. Boya la kuvaa, hata moja halikuwemo, na hilo sikuuliza kabla ya kupanda. Kosa hilo ni langu, nalijua. Lakini mtu aliyezaliwa pale, anayejua mwezi ukijaa bahari inafanya nini, akachukua pesa na kuwaacha watoto wa mwenzake waende, huyo simsamehi mpaka leo.

Mzee alilitandaza tanga juu ya upondo na kasia, tukapata kivuli. Kisha akawashusha watoto. Sijui niseme nini juu ya saa zilizofuata. Bahari ilikuwa imevuliwa nguo: mchanga wenye mistari kama kitambaa cha kukunja, madimbwi yenye visamaki, kaa wanaoingia mashimoni kabla hujanyoosha mkono. Mkubwa alileta kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, chekundu, miguu mitano, akakiweka kiganjani tukakitazama kinavyotembea polepole. Kina mama watatu walipita kwa mbali na ndoo kichwani, nguo zimefungwa kiunoni, wakichokoa chini kwa vyuma vyembamba. Walitupungia kama watu waliotukuta kituo cha basi.

Mdogo wangu akapapasa ubavu wa ngalawa, akauliza ni mti gani. "Mwembe," mzee akasema, "mti mmoja umechongwa." Tukatazamana. Kwetu Tabora miembe imejipanga kando ya njia za zamani, na wazee wanasema iliota palipopita misafara, watu wakila na kutupa kokwa. Tumekulia chini yake, tumeangukia magoti kwa kupopoa embe mbichi. Kumbe huku mwembe unakwenda baharini. Mzee akatuuliza kwetu mvua imenyesha, mahindi yamefika wapi. Akawafundisha watoto kuhesabu: mwezi ukiandama na mwezi ukijaa ni bamvua, mwezi saba na ishirini na mbili ni maji mafu, hayo hayaendi mbali, ndiyo ya kuchukulia wageni.

Maji yalirudi bila kelele. Wimbi hatukuliona. Vile vishimo vya kaa vilianza kutoa mapovu, kisha mistari ya mchanga ikajaa mmoja mmoja, na nyayo za watoto zikafunikwa tukiziangalia. Nikawaita kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Saa sita na nusu ngalawa ikatikisika chini yetu, upande mmoja kwanza, halafu wote, na kitinda mimba akapiga makofi.

Ufuoni yule kijana alikuwepo. Akadai 20,000 za kuchelewa. Sikumjibu. Nilimuuliza mzee pembeni amepata ngapi katika zile 60,000, akasema 25,000. Nikampa 10,000, akataka kukataa, nikamwambia ni ya kivuli. Watoto wakampa shikamoo ya kuaga kana kwamba ni babu yao.

Mabega ya mkubwa yalibabuka siku nne. Sasa ana daftari la kuandikia mwezi, kila jioni anatoka nje kuutazama. Nimewaahidi likizo ya Juni tutarudi kwa yule mzee, moja kwa moja, bila dalali. Mimi nataka twende maji mafu. Wao wanataka bamvua.