Nilivyosoma Marekani kwa mbio zisizouza tiketi

Kwetu Nandi, mtu akisikia kijana wa fulani amepata skolashipu ya mbio Marekani, anachukulia kwamba shida za nyumba hiyo zimekwisha. Wazee wanamkumbuka Henry Rono, aliyekuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na wanadhani kila anayepanda ndege anaenda kupokewa vile. Mimi nilipokea barua ya dola 7,000 kwa mwaka, kutoka chuo ambacho gharama yake kwa mwanafunzi mgeni ilikuwa 23,500. Nataka kueleza nilivyoziba pengo hilo hadi nikahitimu uhasibu, na jinsi timu yenyewe ilivyoponea chupuchupu mwaka 2020.

Kwanza ujue unaingia mchezo wa aina gani. Kwenye vyuo vya Marekani, fedha za viingilio na televisheni huletwa na futiboli yao na mpira wa kikapu wa wanaume, tena katika vyuo vikubwa vichache. Kuogelea, tenisi, mieleka, makasia, mbio za nyika: hakuna anayekata tiketi. Mbio za nyika hukimbiwa kwenye uwanja wa gofu au shamba la mtu, na watazamaji ni wazazi waliosimama kando ya kamba na vikombe vya kahawa. Kwa hiyo ufadhili wake hukatwa vipande vipande. Wakati wangu, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo na kuvigawa kwa madaraja, kiliruhusu chuo cha daraja la pili kutoa ufadhili kamili 12.6 kwa wanaume wote wa mbio, wa nyika na wa uwanjani kwa pamoja. Sisi tulikuwa 38. Na ruhusa si fedha: chuo chetu hakikuwahi hata kukaribia hizo 12.6.

Niliandikia makocha wengi. Wachache waliojibu waliuliza muda wangu wa mita 5,000, kama saa ilikuwa ya mkono au ya umeme, na uwanja uko mwinuko gani. Nilikuwa na 14:31 ya Uwanja wa Kipchoge Keino, Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kocha anayeijua kazi yake anajua muda huo utapungua ukikimbia chini. Mmoja aliniahidi ufadhili kamili kwa simu. Nilipoomba barua, akapotea. Niliyemchagua alikuwa na maneno machache: "Nina dola 7,000 zako. Zaidi ya hapo nitakuonyesha milango, lakini hodi utapiga wewe."

Mlango wa kwanza ulikuwa ofisi ya udahili. Chuo kile, kama vingine vingi vya serikali za majimbo, kilikuwa na punguzo la karo kwa mgeni mwenye alama nzuri, na matokeo yangu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yalinipa dola 6,000. Fedha hizo hazikuhusiana na mbio kabisa. Ningeumia mguu, zingebaki. Mpaka leo kijana akiniuliza kuhusu muda wake, mimi humuuliza kwanza kuhusu alama zake.

Zilibaki 10,500. Chuo hakitoi I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, mpaka kione fedha za mwaka wa kwanza, na bila I-20 hakuna safari ya ubalozi wa Marekani kule Gigiri, Nairobi. Kwa kiwango cha wakati ule ilikuwa zaidi ya shilingi milioni moja. Tulifanya harambee, mjomba akauza mitamba miwili, Baba akachukua mkopo wa sacco kwa dhamana ya bonasi ya majani chai. Akaniambia waziwazi: "Hii ni ya mwaka mmoja. Wa pili ujitafutie."

Viza ya mwanafunzi hukuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wenzangu wengi walikimbilia jikoni au maktaba. Kazi iliyoniokoa mimi ni ulezi wa bweni, ambao haulipi mshahara wa maana lakini unakupa chumba na chakula. Kwangu hiyo ilikuwa dola 7,000, thamani ileile ya miguu yangu. Nilipewa orofa ya vijana wa mwaka wa kwanza, fungu la funguo na simu ya zamu. Usiku wa Ijumaa mtu anaunguza bisi kwenye maikrowevu, king'ora cha moto kinalia, bweni zima linatoka nje kwenye theluji na malapa, nami nahesabu vichwa kwa tochi. Saa kumi na moja alfajiri gari la timu linaondoka kwenda mashindanoni, mwendo wa saa tisa. Nililala safari nzima.

Zile 3,500 zilizosalia za bima, vitabu na karo nilizipata kwa kufundisha wenzangu hesabu katika masaa yaliyobaki, na kwa kupaka rangi vyumba vya mabweni wakati wa likizo ndefu, ambapo sheria inaruhusu kazi ya siku nzima chuoni. Ufadhili wa mbio hauhesabu miezi hiyo ya kiangazi. Unalipa muhula, basi.

Timu nayo iliishi hivyohivyo. Kocha mmoja alifundisha wanaume na wanawake, mbio za nyika, za ndani ya ukumbi na za uwanjani, na ndiye aliyeendesha gari na kufua jezi. Hotelini tulilala wanne chumba kimoja. Chakula cha njiani kilikuwa mkate na siagi ya karanga. Na kila Jumamosi ya futiboli, sisi wa mbio tulisimama kibandani uwanjani tukiuza soda na soseji, faida ikaingia mfuko wa timu. Nadhani hiyo ndiyo fedha pekee ya futiboli iliyowahi kutufikia. Katika daraja letu hata futiboli yenyewe haijilipii. Bajeti yote ya michezo hubebwa na chuo pamoja na ada za wanafunzi.

Ndipo ikaja 2020 na korona. Machi 12 mashindano ya mbio za ukumbini ya daraja la pili, pale Birmingham, Alabama, yalifutwa wanariadha wakiwa wameshafika. Miezi michache baadaye vyuo vikaanza kufunga timu. Brown ilifuta mbio za wanaume Mei ikazirudisha Juni, kabla ya wiki mbili kuisha, baada ya wahitimu kuuliza kwa nini inaondolewa timu iliyokuwa na wanafunzi weusi wengi. Stanford, tajiri kama ilivyo, ilitangaza kufunga michezo 11, kisha ikabadili msimamo Mei 2021. Kwetu tuliambiwa mbio za wanaume zimo mezani, na nafasi yake itachukuliwa na gofu na tenisi. Hesabu yao haikuwa ya kijinga. Daraja la pili linadai chuo kiwe na michezo isiyopungua 10, na kundi moja la wakimbiaji huhesabiwa mara tatu: nyika, ndani, uwanjani. Ukituondoa lazima ujaze, na gofu ina wachezaji wachache, hivyo ni nafuu.

Mama alikuwa ameniuliza siku nyingi kabla, kwa simu: "Kwani hiyo shule inakulipa ukimbie, ama ni wewe unailipa?" Nilimjibu kuwa ni vyote viwili, akacheka. Lakini swali lake ndilo nililoliweka kwenye jedwali la hesabu la kuitetea timu. Kwenye vitabu timu iligharimu karibu dola 300,000, na zaidi ya nusu ilikuwa ufadhili. Sasa ufadhili ni nini? Idara ya michezo inailipa ofisi ya karo ya chuo kilekile. Fedha haijatoka nje ya geti. Kama darasa lina viti vitupu, kunikalisha mimi humo hakumwongezei mhadhiri mshahara. Fedha iliyotoka kweli, yaani mshahara wa kocha, petroli, hoteli na viatu, ilikuwa kama 130,000. Upande wa pili, kila mmoja wetu, baada ya kuondoa ufadhili wake, aliacha chuoni wastani wa dola 11,000 kwa mwaka. Wengine walikuwa hawapati hata senti ya mbio. Walilipa karo nzima ili tu wavae jezi.

Nilipowasilisha hesabu hiyo kwa kamati ya chuo iliyopitia suala letu, mama mmoja wa ofisi ya fedha aliigusa mahali pake dhaifu: je, hao 38 wasingekuja chuoni hata bila timu? Tulikuwa tumejiandaa. Tulimuuliza kila mwanatimu kwa maandishi, na theluthi mbili walisema wangeenda chuo kingine. Ukizidisha hao tu, ni kama dola 275,000 dhidi ya 130,000. Gofu na tenisi zisingeleta wanafunzi kumi na watano. Mwingine akauliza kwa nini mlipa kodi wa jimbo amsomeshe Mkenya. Nilimwonyesha risiti zangu. Ingawa, niseme kweli, lalamiko lake lina ukweli mahali pengine: kuna timu ambazo kijana wa sekondari ya palepale haoni nafasi tena kwa wingi wa wageni, na kocha wetu alijiwekea mipaka kwa sababu hiyo.

Timu ilibaki. Sidhani ni jedwali langu peke yake. Wahitimu waliandika barua, na mmoja wao aliketi kwenye bodi. Tulilipa pia: nafasi ya kocha msaidizi iliachwa wazi, safari za ndege zikaisha, mbio za ndani zikapunguzwa hadi idadi ya chini inayotakiwa ili mchezo uhesabiwe.

Tangu hapo sheria zimegeuka. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vya daraja la kwanza kuwalipa wanariadha moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano hayo, vikomo vya ufadhili vimeondolewa, vikawekwa vikomo vya idadi ya wanariadha: 17 kwa timu ya nyika. Anayekimbia kama Doris Lemngole wa Alabama, mwanamke wa kwanza wa vyuo kushuka chini ya dakika 9 kwenye kuruka viunzi na maji, atapata chuo chochote akitakacho. Wa kiwango changu atasukumwa daraja la pili, NAIA (chama kingine, cha vyuo vidogo) au vyuo vya miaka miwili, na fedha za matangazo wanazopata Wamarekani ni vigumu kwake kuzigusa akiwa na viza ya mwanafunzi.

Binamu yangu yuko kidato cha nne na ameanza kupokea ujumbe wa makocha. Nimemwandikia maswali ya kuwauliza: ufadhili ni wa mwaka au wa miaka minne kwa maandishi, nikiumia, inakuwaje, punguzo la wageni linahitaji alama ngapi na hupotea kwa alama ngapi, bima ni ya nani, ulezi wa bweni huombwa mwezi gani. Na mabweni yakifungwa Desemba, wakimbiaji wa kigeni hulala wapi. Makocha watatu wamejibu yote isipokuwa hilo la mwisho, wa nne amemtumia jina la familia inayowapokea.