Dakika 13 angani, saa 3 barabarani: siku moja ya mkalimani wa Kirkenes

Saa 11 alfajiri. Nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na giza. Hapa Kirkenes, kaskazini kabisa mwa Norwe, jua halijachomoza tangu mwishoni mwa Novemba. Leo nina kazi Vadsø, ng'ambo ya ghuba ya Varanger. Kwa ndege ni kama kilomita 40. Kwa gari unaizunguka ghuba nzima, kama kilomita 170. Mimi ni wa Kigoma, nimekua nikiitazama milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Neno ng'ambo nalijua uzito wake.

Saa 12:10 asubuhi. Basi la kwenda uwanja wa ndege wa Høybuktmoen. Tuko abiria wanne.

Saa 1:10. Tumo ndani ya Dash 8, ndege ya viti 39 na mapangaboi mawili. Haiondoki. Jamaa amepanda kwenye kikapu cha gari la kuyeyushia barafu, anaosha bawa kwa dawa ya moto, rangi ya chungwa. Inatiririka kwenye dirisha langu, mvuke unafumba taa zote. Naangalia saa: dakika 9. Tunaruka. Hakuna chai, mkanda haufunguliwi. Nimeona taa za mashua moja tu chini, tayari tunatua. Dakika 13.

Saa 2:15. Nina muda, nimetembea hadi kwenye mlingoti ulioko kisiwani Vadsøya. Mei 1926 chombo cha anga cha wavumbuzi Amundsen na Nobile, kama puto refu la gesi lenye injini, jina lake Norge, kilifungwa hapa kikielekea Ncha ya Kaskazini. Nimeugusa chuma kwa glavu. Kila nikija lazima niuone.

Saa 3. Kazi. Sheria ya ukalimani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inazitaka ofisi za umma zitumie mkalimani mwenye sifa pale haki na usalama wa mtu vinapohitaji. Mara nyingi tunafanya kwa simu, lakini leo daktari alitaka niwepo chumbani, na alikuwa sahihi. Mgonjwa ni mama wa Kivu. Amenisalimu, "Jambo baba," nami, "Jambo mama." Yaliyosemwa baada ya hapo hayatoki mle ndani. Niseme tu kwamba kuna maneno ambayo mtu hapaswi kuyasikia kupitia spika ya simu.

Saa 7 mchana. Upepo umegeuka, unavuma kwa ubavu wa njia ya kurukia, na theluji imeanza. Ndege imetoka Kirkenes, tumeisikia juu yetu ikizunguka, kisha mlio ukapotea. Rubani amerudi. Simlaumu hata kidogo, uwanja ule ni mfupi.

Saa 8. Teksi, watu watatu. Mpaka Varangerbotn, mwisho wa ghuba, saa nzima. Hapo unageuka na kuanza kurudi upande wa pili, huku maji uliyoyaruka asubuhi yakiwa kushoto kwako gizani. Kabla ya Neiden tumekaa nyuma ya gari la kusukuma theluji, mwendo wa baiskeli. Dereva hakusema neno.

Saa 11:05 jioni. Nyumbani. Wakala amepiga: Alhamisi ijayo, Vadsø, saa 3, mgonjwa yuleyule. Nimeandika kwenye daftari: kuondoka Jumatano, kwa basi.