Vuli ya kwa bibi na vuli ya huku

Jana tumemaliza kupanda vitunguu saumu. Punje 140 na kitu, wakubwa wawili wanachimba vishimo na kitinda mimba anatumbukiza, na kila akitumbukiza anauliza "mama ncha juu?" namwambia ndio mwanangu ncha juu, mpaka kufika tuta la mwisho alikuwa anajiuliza na kujijibu mwenyewe. Alafu tukafunika na nyasi kavu nene, tukanawa mikono, tukaingia ndani kuwasha jiko la kuni mana upepo ulishaanza kukata.

Kwa wageni wa hapa, sisi tunaishi Maine, kule juu kabisa kaskazini mashariki mwa Marekani, tuna ekari tatu, kuku, bustani, miti michache ya maepo, na watoto watatu wanaosomea nyumbani. Watu wananiuliza sana kuhusu sheria. Kwa Maine sio ngumu, unapeleka taarifa kwa maandishi kabla ya tarehe 1 Septemba kila mwaka, unafundisha siku 175, masomo yameorodheshwa na mwisho wa mwaka unaonyesha maendeleo ya mtoto, sisi tunatumia mwalimu mwenye cheti anakuja kupitia makabrasha yao. Hayo tu. Kiswahili hakimo kwenye orodha, hicho nimekiongeza mimi na baba yao, na ukiniuliza kwanini niliwatoa shule nitakwambia ni hicho. Mkubwa alishafika mahali bibi yake akimuongelesha kwenye simu ananipa simu mimi. Niliumia sana siku ile, siwezi kueleza.

Sasa msimu huu ndo nimegundua Kiswahili chetu kinavyobeba nchi yetu ndani yake. Mwaka jana mtoto wangu wa kati, ana miaka 9 sasa, alinijia na swali. Kwenye kitabu wameandika huu msimu wa majani kupukutika ni vuli, na bibi kule Lushoto, Tanzania, naye kasema ni vuli, "mbona bibi wanapanda na sisi tunang'oa?" Nikakosa jibu la haraka. Kwetu vuli ni mvua bwana, zile za Oktoba mpaka Desemba, udongo unanukia, watu wanakimbizana na maharage na mahindi kabla maji hayajakata. Huku vuli ni kufunga duka. Neno moja, mambo mawili yaliyopishana kabisa. Kwaiyo mwaka huu nikasema basi ndo itakuwa mada yetu ya msimu mzima, tutaulizana na bibi kila Ijumaa, huku saa mbili asubuhi kule saa tisa alasiri, na kila mtoto lazima awe na kitu cha kumweleza kwa Kiswahili bila mimi kuingilia.

Wa kwanza alikuwa mkubwa, na majani. Bibi alitumiwa picha ya ule mti wa maple wa kwenye geti ulivyokuwa mwekundu wote katikati ya Oktoba, akashtuka, akauliza mti umepata ugonjwa gani. Kijana akaanza. Shikamoo bibi. Marahaba mume wangu. Bibi mti haujafa, ule ukijani ndo unapika chakula cha mti kwa jua, sasa jua likipungua mti unaacha kuutengeneza, ukijani unavunjika, ndo unaona njano ambayo ilikuwa humo ndani siku zote ila ilifunikwa, na ule wekundu wenyewe mti unautengeneza sasa hivi mwishoni kutoka kwenye sukari iliyobaki. Akatafuta neno la pale jani linapoachia tawi, akakwama, akasema "panafunga kama kidonda kinavyofunga bibi, alafu jani linadondoka." Mimi niko jikoni namenya boga nimesimama na kisu mkononi, yaani sikumfundisha hilo. Bibi akanyamaza kidogo akasema kwaiyo unalala. Ndio bibi unalala. "Basi muuache ulale."

Wa kati yeye alichukua jua. Ana daftari anaandika jua linachomoza saa ngapi na kuzama saa ngapi, huku na Lushoto, bibi anamsomea saa ya ukutani. Kule namba hazisogei, saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi, saa kumi na mbili na robo hivi jioni, wiki nenda wiki rudi. Huku kila Ijumaa siku imekatwa kipande. Mwisho wa Oktoba tumebaki na kama masaa kumi na nusu ya mwanga, Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma na giza linaingia saa kumi na robo jioni, Desemba siku nzima haifiki masaa tisa. Na hapo ndo akaona mwenyewe kwanini sisi tunahesabu saa moja pale jua likishatoka, mana kwetu jua ni saa, haliongopi. Akaniambia mama, saa ya Kiswahili imetengenezwa kwa ajili ya kwa bibi. Nimeandika hiyo sentensi kwenye kabrasha lake, huyo mwalimu aione.

Kuku nao wanafuata hilohilo daftari. Wananyonyoka manyoya sahivi, mayai kutoka tisa kwa siku tumeshuka mpaka matatu, kuku anataka mwanga wa kama masaa 14 kutaga vizuri. Jirani kanishauri niwawekee taa. Sitaki, wapumzike.

Hesabu za mkubwa tunafanyia kwenye kuni. Kipimo chao cha kuni huku ni rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8, futi za ujazo 128, na sisi tunachoma karibu marundo matano kwa msimu, kwaiyo apange, apime, atoe hesabu ya kilichopungua. Kuni za mwaka huu zilipasuliwa mwaka jana, mbichi zinatoa moshi tu.

Kilichoniuma ni mchicha. Mbegu alinitumia mama mwenyewe, ukaota vizuri, nikauacha kidogo nikasema Jumamosi nitavuna wote kwa pamoja, Ijumaa usiku ikashuka sakitu, ile baridi inayogandisha umande. Asubuhi umelala chini mweusi kama umemwagiwa maji ya moto. Nyanya tuliziwahi zikiwa kijani tukatengeneza achari, maboga yako ndani yanakauka ganda, lakini ule mchicha bado unanikaa moyoni, nilishindwa kumwambia mama mwezi mzima.

Novemba ni uwindaji wa kulungu kwa bunduki, watoto hawatoki nje ya uzio bila vizibao vya rangi ya chungwa. Jumapili sheria ya hapa hairuhusu kuwinda, basi Jumapili ndo msitu wetu, tunatembea kwenye majani yaliyofika kwenye vifundo vya miguu na ni Kiswahili tupu mpaka turudi.

Leo Ijumaa ilikuwa zamu ya kitinda mimba kuongea na bibi. Ana miaka mitano. Akasema bibi na sisi tumepanda vuli! Tumepanda saumu! Bibi akafurahi kweli, akauliza mvua imeanza? Akanigeukia, mimi nikageukia dirishani mana tulikubaliana siingilii. Akamwambia hapana bibi, saumu hii inataka baridi, isipopata baridi inakuwa mviringo mmoja haina punje. Inakaa chini ya theluji.

"Inalala na theluji?"

"Eee. Mpaka Julai tunachimba."

"Haya mke mwenza, Mungu akitupa uhai Julai utaniambia zimetoka ngapi."

Ameandika 140 ukutani pembeni ya kitanda chake, kwa penseli, na nimemwachia.