Gauni la Rangi ya Sturungi

Ramadhani ya 2004 iliangukia Oktoba na Novemba, katikati ya mvua za vuli, na ndani ya kumi la mwisho Mjomba alinipa noti tatu za mia tano, mpya, zisizo na kunjo. Alizihesabu mbele ya Nyanya.

"Kanunue nguo ya Idd," akasema. "Mpya. Nendeni Eastleigh pamoja na wenzio."

Nilikuwa na miaka 19. Tulikaa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, katika nyumba ya Nyanya ambaye alitoka Mombasa na hakuwahi kuacha Kiswahili cha kwao. Kutoka mlangoni petu, Eastleigh, kwenye maduka ya nguo mpya, ni upande mmoja na Gikomba, soko la mitumba, ni upande wa pili, na kote unafika kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Lakini kwa watu wa nyumba yetu sehemu hizo mbili zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Eastleigh unakwenda kwa sababu ya sikukuu. Gikomba unakwenda kwa sababu ya shida.

Tulianza Garissa Lodge, jengo la maduka la Eastleigh, mimi na binamu zangu watatu. Gauni la mwaka huo lilikuwa moja tu: jeusi, lenye shanga za kumetameta kifuani, limetoka Dubai ndani ya mfuko wa nailoni. Lilining'inia duka hili, na duka lile, na ghorofa ya juu tena. Binamu zangu walilinunua wote watatu. Lilikuwa gauni zuri, sitalisingizia. Nililivaa mbele ya kioo nikajitazama, nikaona binamu zangu nyuma yangu wamelivaa pia, nikashindwa kujitofautisha nao. Nikalivua. Niliwaambia nitarudi kesho, na nikajua ninaposema kwamba sitarudi.

Huo ulikuwa mwaka wa sare. Tangu Februari makanga wa matatu walikuwa wamevishwa rangi ya damu ya mzee na madereva bluu, na magari yaliyokuwa yamechorwa kwa fahari yamefungwa ufito wa manjano ubavuni. Sheria ile ya usalama barabarani iliokoa roho za watu, na hilo ni kubwa kuliko rangi. Lakini mimi nilikuwa nimekua nikiyatazama magari yale ya Eastleigh na michoro yake, nikayaona yamenyamaza. Mwaka huo huo pia nchi nzima ilizungumza juu ya vazi la taifa, na wabunifu wakaleta michoro yao. Nilizifuata habari hizo gazetini kwa hamu kubwa. Kila nilipoiona picha ya vazi lile nilijiuliza nani atalivaa Jumatatu asubuhi akienda kazini. Watu niliowafahamu walikuwa wamevaa mitumba.

Kesho yake, baada ya alfajiri, nilikwenda Gikomba peke yangu.

Lazima ufike mapema, kabla marobota hayajafunguliwa. Robota la nguo lina kilo 45 hivi, limebanwa likawa gumu kama jiwe, na mwenye kibanda hulinunua bila kujua ndani kuna nini. Anajua tu limeandikwa magauni, au mashati ya wanaume, au nguo za watoto. Akikata ile mikanda ya plastiki kwa kisu, nguo zinapumua na kupanda juu kama unga uliotiwa hamira, na kila aliyekuwa akisubiri anainama kwa pamoja. Zile nzuri za mwanzo huitwa kamera. Hizo huondoka robo saa ya kwanza, na wanaozichukua ni wale wenye maduka mjini, wanaozifua, wanazipiga pasi na kuzitundika kwa bei mara nne. Zinazobaki hushuka bei kadiri jua linavyopanda, mpaka jioni ziwe fagia, nguo zilizokuwa za shilingi kumi wakati ule, zimetandazwa kwenye karatasi ya plastiki juu ya tope.

Tope la asubuhi hiyo lilikuwa la kifundoni. Mto Nairobi ulikuwa umejaa na ulinuka. Wavulana wa pasi walikuwa wakipuliza makaa, na nilikuwa nimefunga, kwa hiyo harufu ya mandazi kutoka kibanda cha jirani ilinisumbua kuliko ilivyostahili. "Mia mia mia! Kamera ni mia nne!" Sauti za wauzaji zilipishana vichwani mwetu.

Sikulichagua lile gauni kwa macho. Nililishika. Mkono wangu ulikuwa umezama ndani ya lundo, vidole vikipita juu ya nailoni na poliesta, ule utelezi usio na joto, halafu vikakuta kitu chenye uzito. Nikavuta. Likatoka polepole, refu, likaendelea kutoka. Kitambaa cha krepu, rangi ya sturungi, chai isiyo na maziwa, iliyo ndani ya gilasi ukiielekeza juani. Mikono mirefu yenye vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa chenyewe, kola ndefu zenye ncha kama za picha za arusi za miaka ya 70. Zipu ilikuwa ya chuma. Kwenye lebo ya ndani, chini ya jina la duka ambalo sikuweza kulisoma, ilisema limetengenezwa Ujerumani Magharibi.

Nilisimama na ile lebo kidoleni. Nchi hiyo haipo tena tangu Oktoba 1990. Nilikuwa nimeisoma darasani, ramani ya zamani na ramani mpya. Nchi iliyolishona ilikuwa imetoweka, gauni likabaki. Na lilikuwa refu mpaka chini na la mikono mirefu, halikuhitaji kurekebishwa hata kidogo ili binti wa Majengo asalie Idd nalo.

"Hiyo ni mia nne, siste," mama mwenye kibanda akasema. Alikuwa ameniona uso.

"Nina mia mbili."

"Hiyo si ya mia mbili. Shika tena."

Nilishika tena. Alikuwa amesema kweli. Tulikutana mia tatu na hamsini, akalikunja kwa heshima na kulitia kwenye gazeti, na nikaondoka na shilingi 1,150 za Mjomba mfukoni.

Nyanya alikuwa barazani anashona kofia. Alizishona kofia za kiua maisha yake yote, kitobo kwa kitobo, miezi miwili au mitatu kwa kofia moja, na macho yake yalikuwa yamechoka lakini vidole bado. Nilitaka kupita. Akaniita.

"Hilo gazeti lina nini?"

Nikalifungua. Akalitazama muda mrefu bila kuligusa.

"Kafa Ulaya," akasema.

Ndivyo watu wa umri wake walivyoziita nguo hizi: mwenyewe kafa Ulaya, nguo zimeletwa huku. Nilimwambia si kweli, watu wa kule huzitoa nguo zao wakiwa hai, kabati limejaa tu. Nilimwambia kwamba kuvaa nguo nzuri siku ya Idd ni sunna, lakini nzuri si lazima iwe imetoka dukani. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima. Aliyasikiliza yote, kisha akalichukua gauni na kuligeuza upande wa ndani.

Hapo ndipo alipobadilika mkao. Aliweka kofia chini. Akaufuata mshono wa ubavuni kwa ukucha kutoka kwapani mpaka chini. Kingo zake zilikuwa zimefungiwa ndani, hakuna uzi uliochomoza. Akafika kwapa la kushoto, akasimama. Palikuwa na kiraka kidogo sana, cha ukubwa wa kucha, kimetiwa kwa uzi uliokaribia rangi lakini haukufanana kabisa.

"Huyu alilipenda," Nyanya akasema. "Limepasuka, hakulitupa. Ametafuta uzi. Hakuupata hasa." Akafika kwenye pindo. Lilikuwa pindo la inchi tatu nzima, limeshonwa kwa mkono. "Na huyu aliyelishona aliacha nafasi."

Nilimwambia fundi wa Gikomba atalipunguza chini, kwa kuwa lilinizidi kimo.

"Usikate. Lipindie ndani. Hujui atakayelivaa baada yako."

Tulilifua mara tatu kwa maji ya uvuguvugu. Nyanya hakuniruhusu kulikamua. Usiku akalitandaza juu ya tenga, chini yake akaweka chetezo, akatia udi aliokuwa akiutunza kwa ajili ya arusi, na lile gauni la Ujerumani Magharibi likalala likivuta moshi wa nyumbani kwetu mpaka alfajiri. Kwa uzi wake wa kofia akanipigia pindo upya, bandi fupi fupi ambazo usingeziona.

Lakini juu ya zile pesa hakunionea huruma. "Mjomba wako alitoa pesa ya nguo mpya. Wewe umenunua nyingine. Kilichobaki si chako. Utampelekea mwenyewe, na utamwambia."

Nilimpelekea jioni, baada ya futari. Nilizitandaza noti mezani nikaeleza. Nilikuwa na furaha, hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Nilidhani atafurahi kwamba nimebana matumizi. Mjomba alizitazama zile pesa bila kuzigusa.

"Zilikuwa hazitoshi?"

"Zilitosha, Mjomba. Zilizidi."

"Basi kwa nini uende kule?"

Sikuwa na jibu fupi. Akanisimulia, bila kupandisha sauti, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipokuwa mtoto Mombasa alipewa koti la kafa Ulaya, kubwa, la sufu, katika joto lile. Hakuwa na shati jingine la maana, kwa hiyo alilivaa. Watoto wenzake walimwita marehemu. Marehemu anakuja, marehemu anapita. Aliapa kwamba mtoto wa nyumba yake hatavaa nguo ya mtu mwingine siku ya sikukuu. Baadaye, miaka ya 80, alipata kazi ya kuendesha lori lililobeba majora ya kitambaa kutoka kiwanda kimoja cha nguo huko magharibi mwa nchi, na aliipenda kazi hiyo, kitambaa kipya chenye harufu yake. Miaka ya 90 soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa makontena Mombasa, na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Rivatex ya Eldoret, Kicomi ya Kisumu: majina hayo aliyataja kama mtu anayetaja jamaa zake waliofariki. Si mitumba peke yake iliyoviua, yeye mwenyewe alikubali hivyo. Lakini lori lake lilisimama.

Nilikuwa nimeingia chumbani mle nikijua kila kitu kuhusu gauni langu, lebo yake, zipu yake, nchi yake. Sikujua hata kidogo kwamba Mjomba alikuwa na koti.

Niliomba radhi kwa kwenda bila kumwambia. Kuhusu gauni sikuomba, kwa sababu ningekuwa ninasema uongo. Aliuchukua ukimya wangu kama ulivyo, akazikusanya noti, akazitia mfukoni.

Siku ya Idd tulisalia uwanja wa Sir Ali. Mvua ilikuwa imekatika. Binamu zangu walimetameta katika meusi yao, na mimi nilitembea pembeni yao na gauni likipiga miguu yangu kwa uzito wake, udi ukipanda kila nilipogeuka. Mwanamke nisiyemjua alinishika mkono baada ya hotuba akaniuliza nimeshonewa na nani. Nilimwambia ukweli. Alishika kola akasema, "Gikomba hii hii?" na akanitaka nimwonyeshe ni safu ipi.

Tuliporudi nyumbani Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni, akiwapa watoto mkono wa Idd. Nilipoinama kumwamkia aliitikia, halafu akakamata ncha ya mkono wa gauni kati ya vidole viwili na kuisugua taratibu, kama alivyofanya, nadhani, kwa majora yale. Hakusema kitu. Akamwita mtoto aliyefuata.

Mwaka uliofuata, Ramadhani ikielekea mwisho, alihesabu tena noti mbele ya Nyanya. Binamu zangu aliwaambia waende Eastleigh. Zangu alinitia mkononi akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Nenda unakokujua," akasema. "Lakini alfajiri. Usichukue za jioni."