Damu ya mzee na bluu ya usiku

Damu ya mzee na bluu iliyokolea ni jozi ninayoipenda kuliko zote, na nimekuwa nikiitetea mbele ya wateja kwa sababu wengi hapa Tanga wanaiogopa. Mtu anaingia pale Ngamiani ninapokaa na cherehani yangu, namtandikia vitambaa viwili mezani, anavigusa, halafu anasema, "Mbona vizito hivi, dada? Si ungenitafutia vya kung'aa?" Anataka nyekundu ya pilipili na bluu kali, akiamini ndizo zinazochangamsha.

Hizo kali ndizo ninazozikwepa. Zikigusana, pale zinapokutana panacheza machoni. Lenzi ya jicho huupinda mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu, kwa hiyo jicho likituliza moja vizuri, nyingine inabaki na ukungu kidogo. Ndiyo maana maandishi mekundu juu ya bango la bluu yanachosha kuyasoma. Zikishakolea zote mbili na ukali wake kushuka, mchezo huo unapungua na rangi zinaanza kusikilizana.

Lakini kukolea peke yake hakutoshi, lazima zigawane, na nusu kwa nusu sikubali. Kanga imetuonyesha hili miaka yote: kuna mji na kuna pindo, na pindo halidai kuwa mji. Gauni likiwa la bluu, damu ya mzee naitia kwenye ukanda wa kiunoni, au kwenye bitana ya mkono, ionekane tu pale mwenye nguo anaponyoosha mkono kusalimia. Hapo imetosha.

Juzi shangazi alikuja kwa habari za sare ya harusi ya binti yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaeleza bila kuzunguka: madera ya damu ya mzee, mitandio ya bluu, shughuli ianze alasiri uani, iishie usiku ukumbini. Nikamwomba tukae barazani mpaka magharibi. Vipande viwili nikavitundika kwenye kamba ya nguo.

Saa kumi jioni kile chekundu ndicho kilichokuwa kinaita macho, na cha bluu kimejikalia nyuma yake kwa adabu. Jua lilipozama, kabla hatujawasha taa, mambo yakageuka. Damu ya mzee ikazidi kuzama hadi ikakaribia weusi, na bluu ikajitokeza mbele. Shangazi akasogea, akashika pembe ya kitambaa, akasema, "Hee, mwanangu, vimebadilishana!"

Jambo hili mwanasayansi wa Kicheki, Jan Purkyně, aliliandika mwaka 1825. Mwanga ukififia, jicho linaanza kutegemea seli zake za kuonea gizani, na seli hizo wekundu karibu haziuoni kabisa, ila bluu zinaiona vizuri. Kwa hiyo tumeamua mitandio ibaki bluu. Iko karibu na uso, na saa ile ya magharibi, picha zinapopigwa sana, ndiyo itakayobeba mwanga.

Taa za ukumbini nazo zina neno. Balbu nyeupe kabisa, ile iliyoandikwa Kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga wa taa), inaipoza damu ya mzee mpaka inaelekea kahawia. Ya njano ya 2700 inaifufua, ila bluu iliyokolea inazimika, mtu wa mbali akadhani ni nyeusi. Mimi siku hizi sinunui jora kabla sijajua ukumbi una taa zipi, na nikiweza naenda na vipande nikavitazame palepale.

Nyumbani ni habari nyingine, na hapo naona watu wanakimbilia brashi mapema mno. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Pangani, kuta zake zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizipaka rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inasukuma, na baada ya muda rangi inavimba na kubanduka. Ukuta acha uwe mweupe wa chokaa. Uzito wote uweke kwenye mapazia, foronya na zulia. Na kabla hujaongeza chochote chekundu, tazama makochi yako: kama ni ya mninga, wekundu umeshaingia ndani siku nyingi. Hapo nakushauri pazia la bluu tupu, na damu ya mzee iishie kwenye mto mmoja au miwili.

Foronya zenye rangi hizi mbili upande kwa upande nazishona kwa uangalifu kuliko nguo, maana zinafuliwa mara nyingi. Nalowesha ncha ya kila kitambaa na kusugua kwa kipande cheupe cha pamba. Kikitoka na wekundu, kitambaa hicho kinafuliwa peke yake mpaka maji yawe safi. Kama bado kinachuja, hakiingii mezani kwangu hata kiwe kizuri namna gani, kwa sababu mshono ukishapita, huwezi tena kukifua kimoja bila mwenzake.