Uchovu wa mionzi hauishi kwa kulala

Wiki ya kwanza ya mionzi ya kutibu saratani mgonjwa huenda hospitali na kurudi bila taabu kubwa. Uchovu huanza kuingia wiki ya pili au ya tatu, huzidi kadiri dozi zinavyolimbikizana, na kwa wengi hufika kilele siku za mwisho au hata wiki moja mbili baada ya kumaliza. Hapo ndipo nyumba nyingi hukosea. Tiba imeisha, watu wamefurahi, mama anarudishiwa jiko na nguo za kufua, na kumbe mwili wake bado unajikarabati. Mpeni wiki kadhaa, pengine miezi, na msimwite mvivu.

Kushinda kitandani nako hakusaidii. Misuli hulegea, na kesho kazi ileile huwa nzito zaidi. Kinachosaidia ni kutembea, japo wengi hawaamini wakiambiwa. Jua la Mombasa la saa sita halifai. Toka saa kumi na mbili asubuhi au baada ya alasiri, dakika kumi tu, kisha uongeze taratibu hadi 20 au 30. Ambaye saratani imeingia mifupani amuulize daktari kwanza. Mchana lala nusu saa, usipitilize, la sivyo usiku utakesha.

Kwa anayetoka Likoni siku tano kwa wiki, foleni ya feri na matatu humaliza nguvu kuliko mashine yenyewe. Omba miadi ya saa isiyo na msongamano, na siku hiyo usijipangie kazi nyingine nzito.

Uchovu mwingine una dawa yake. Ukitweta kwa ngazi chache, moyo ukadunda, ukashikwa na kizunguzungu, omba upimwe damu, hasa mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliyetokwa na damu nyingi. Ukiandikiwa vidonge vya madini ya chuma, usivimeze pamoja na chai. Ngoja saa moja au mbili. Maumivu, huzuni na kukosa usingizi pia huchosha, na vinatibika, kwa hiyo mwambie muuguzi usivumilie kimya.

Sahani kubwa ikikushinda, kula kidogo kidogo mara tano au sita: uji wa wimbi wenye maziwa, mayai, mbaazi za nazi, samaki. Ramadhani mgonjwa ana ruhusa ya kula. Anayetaka kufunga azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kuchanganyikiwa, au kushindwa kabisa kuinuka, hayo si ya kusubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.